Jogoo wa Rozalia

Mwanamke akipendwa mbele za watu, mikono yake hujua pa kukaa. Akiaibishwa mbele za watu, mikono hiyohiyo humlemea kama ya kuazima. Rozalia alikuwa amesimama kwenye nyasi mbele ya kanisa la Ludilo, Jumapili ya Mavuno, asijue aiweke wapi mikono yake.

Nusu saa nyuma alikuwa mchumba wa mtu.

Ludilo iko juu kule Iringa, ambako ukungu huingia nyumbani bila kupiga hodi. Na mnada wa mavuno kule una desturi yake. Ibada ikiisha, watu hutoka nje, na vitu vyote vilivyoletwa kumshukuru Mungu hupangwa mezani: maboga, mayai, viazi, mahindi mabichi, kuku waliofungwa miguu. Mzee wa kanisa hunadi, watu hununua. Ukishanunua, kitu ni chako. Utakula mwenyewe, utakirudisha mezani kinadiwe tena, ama utampa umpendaye. Sasa, kijana akinunua kikapu kilicholetwa na binti, akakiinua juu, kisha akakirudisha mikononi mwa binti huyohuyo, hapo hapahitaji tangazo. Akina mama hupiga vigelegele, na barua ya posa iliyolala sandukuni hujibiwa jioni hiyohiyo.

Kikapu cha Rozalia kilikuwa cha nyasi za milulu, mama yake, Marta, alikisuka wiki mbili. Ndani yake alikaa jogoo mwekundu, shingo ndefu, mwenye kiburi cha diwani. Aliyekuwa akinadi alikuwa baba yake mwenyewe, Mzee Anania, mkuu wa wazee wa kanisa. Na kijana aliyetoka Mbalizi, kule Mbeya, kwa ajili ya kikapu hicho alikuwa Filemoni, fundi wa kuchomelea vyuma. Watu walimwachia, kwa maana wote walijua.

"Mwachieni fundi!" alisema mmoja.

"Kijana wa Mbalizi, mnyanyue huyo jogoo, sisi tuna njaa ya pilau!"

Filemoni alikichukua kikapu. Akakiinua. Akaanza kumwendea Rozalia, na macho yao yakakutana. Yalikuwa macho ya mtu ambaye Rozalia alikuwa amesikia sauti yake mwaka mzima kwenye simu kabla ya kumwona. Moyo wake ukapiga kama mtu anayetwanga peke yake. Hatua tatu. Mbili.

Kisha macho ya Filemoni yakapita juu ya bega lake, yakaenda ukutani.

Pale ukutani alisimama Bertha. Bertha alikuwa ametengwa na kanisa, kwa kuwa alizaa bila ndoa na akakataa kumtaja mwanamume. Siku zote alikaa benchi la nyuma, pale wanapokaa waliotengwa, na Meza ya Bwana aliiona kwa mbali tu. Siku hiyo alileta kimfuko cha maharage. Mzee Anania alikuwa amekisukuma kwa kiganja, taratibu, bila hasira. "Weka pembeni, binti. Unaujua utaratibu. Ukisharudi kundini utatoa." Basi akaweka pembeni, akajiweka na yeye pembeni, mtoto mgongoni, kimfuko mkononi. Na wasichana wawili wakacheka.

Filemoni alimtazama Rozalia mara moja zaidi, kama mtu anayeomba radhi kwa jambo ambalo bado hajalitenda. Akampita. Akaenda akaweka kikapu mikononi mwa Bertha, akachukua kile kimfuko cha maharage, akarudi nacho mezani.

"Mzee," alisema, "na haya yanadi. Nitayanunua mimi."

Hata jogoo alinyamaza. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, si kubwa, lakini kila mtu akaisikia: "Aaa! Kumbe baba wa mtoto ndiye huyu!"

*

Walionana nyuma ya jiko la kina Rozalia, kwenye rundo la kuni. Ndani, wageni wa mchana walikuwa wamekwisha kuondoka bila kula vizuri, na wali ulikuwa unapoa kwenye sufuria kubwa.

"Uliniona nimesimama?" Rozalia aliuliza.

"Nilikuona."

"Ukanipita kama gogo la njia."

"Roza, kukupita wewe ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kwenda. Kutoka Mbalizi mpaka hapa sikuchoka kama nilivyochoka pale."

"Usinipambie maneno. Wewe si mtu wa maneno ya kupamba." Akamsogelea. "Mtoto ni wako?"

"Si wangu."

"Naapa, ukinidanganya..."

"Si wangu. Bertha nilimwona kwa mara ya kwanza jana jioni."

"Jana jioni! Kwa hiyo ulifika Ludilo, kabla ya kuja kwetu ukaenda kwake?"

Filemoni aliinamisha kichwa. Alikuwa na kovu dogo la cheche juu ya jicho, na alipotahayari alilisugua kwa kidole gumba. "Nilitumwa salamu."

"Na nani?"

Kidole kikarudi kwenye kovu.

"Mwenye mtoto unamjua," alisema Rozalia polepole.

"Namjua."

"Niambie basi! Mimi si mkeo mtarajiwa? Niambie mimi tu, niende nimwambie baba kwamba si wewe, mambo yaishe."

"Nikikuambia, leo nitapona. Lakini kesho utakuwa na mume ambaye huwezi kumwachia neno lako akakutunzia."

Rozalia alishika kipande cha ukuni, akakitupa chini. "Na ule mnada? Ule nao ulitumwa? Mara tatu nimekueleza kwenye simu. Nikakwambia, Filemoni, unakiinua, unakileta kwangu, basi. Hata mtoto wa shule ya awali angeweza."

"Nilijizoeza njia nzima," alisema Filemoni. "Kutoka Makambako mpaka Mafinga nilikuwa nainua begi langu, abiria wakadhani nimerukwa na akili." Hakucheka, na yeye Rozalia hakucheka. "Nikaja nikamwona mtu kaleta chakula kumshukuru Mungu, anaambiwa kaa pembeni. Wale wasichana wakamcheka. Na mimi nimeshika jogoo kama bingwa. Miguu ilikataa, Roza."

"Ungenipa mimi kikapu changu, kisha ukanunua maharage yake."

Filemoni aliuokota ule ukuni, akaurudisha kwenye rundo. "Ndiyo. Ningeweza. Hilo nimeliona baada ya kufanya. Pengine nilikukosea. Ila pale sikuwaza, nilimwona tu anaangalia chini."

Hapo ndipo Rozalia alipoumia kweli, kwa sababu mtu aliyekiri kosa hawezi kupigwa zaidi, na yeye alikuwa bado na hasira nyingi ambazo hazijapata pa kwenda.

Alimjua mtu huyu kwa sikio kabla ya jicho. Mwaka uliopita, kaka yake Shedrack, aliyekwenda Makongolosi huko Chunya kutafuta dhahabu, aliugua akafikia kuwaona marehemu. Simu ikalia nyumbani usiku na mchana kwa wiki nzima, na aliyepiga hakuwa Shedrack. "Mimi siyo ndugu yake," sauti ilisema, "nachomelea makarasha, zile mashine za kusaga mawe. Nimempitia nikamkuta hana mtu. Leo amekunywa uji." Kesho yake: "Leo amekunywa uji vikombe viwili." Kutoka kwenye uji wakaenda kwenye hali ya hewa, kutoka kwenye hali ya hewa wakaenda kwenye vitendawili, maana wote wawili walilelewa na bibi zao. Siku moja, Filemoni akiwa amerudi kwao Mbalizi, Rozalia alimpigia simu, ikapokewa na mwanamke wa Kiislamu, Mwanaidi, muuza vitenge wa Mbalizi. "Mchumba wako yuko juu ya bati langu, binti. Upepo umeling'oa, na mimi mjane. Nimemwambia, wewe si huwa hufanyi kazi Jumapili? Kaniambia, mama, hii si kazi. Sasa nishike simu au nishike ngazi?"

Na wiki tatu zilizopita alimtegea kitendawili ambacho Rozalia hakuwahi kukijibu. Nimebeba mzigo, nikiutua, nakuwa mzito zaidi. Rozalia alitaja mimba, akataja deni, akataja dhambi. Filemoni akasema, siyo. "Nipe mji basi, nikwambie." Rozalia akagoma. Mtu wa Ludilo hatoi mji kirahisi.

*

Mzee Anania aliwaita sebuleni. Barua ya posa ilikuwa mezani, imekunjwa katika leso nyeupe vilevile ilivyokuja. Pembeni alikaa Mzee Sedekia, mzee mwenzake wa kanisa, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, na sura yake ilikuwa kama ya mtu aliyeuza ng'ombe mgonjwa bila kujua.

"Kijana," alisema Mzee Anania, "mimi sikupigi wala sikutukani. Miaka kumi na tisa nawatunza kondoo wa Bwana hapa. Nimetenga watoto wa rafiki zangu. Nimetenga mpwa wangu. Leo watu wote wanasema mkwe wangu ndiye baba wa mtoto wa Bertha, na wewe umenyanyua jogoo wa binti yangu ukampa. Nakuuliza mbele ya mshenga wako. Ni wako?"

"Si wangu, mzee."

"Ni wa nani?"

"Siwezi kusema."

"Hujui, au huwezi?"

"Siwezi."

Mzee Sedekia aliweka kikombe. "Filemoni, mwanangu, nisaidie na mimi. Taja jina tu. Jina moja. Kuna watu humu wanatafuta njia ya kukupenda."

"Nimemwapia mtu, mzee wangu. Atakuja kusema mwenyewe."

"Atakuja lini?"

"Sijui."

Mzee Anania aliisogeza barua kwa kiganja mpaka ukingoni mwa meza, upande wa Filemoni. Kiganja kilekile, utaratibu uleule. "Ng'ombe wakirudi zizini, kama hujasema, utaichukua barua yako. Sitaijibu mwaka huu wala mwaka ujao. Na binti yangu hutampigia simu."

Rozalia alimtazama Filemoni. Sema, macho yake yalimwambia. Sema, nakuomba. Na Filemoni alimtazama kama mtu aliye upande wa pili wa mto uliofurika, anayemwona mwenzake vizuri kabisa na hawezi kuvuka.

Hakusema.

Rozalia alitoka nje bila kuaga. Alifunga kitenge kiunoni kama mwanamke anayekwenda kugombana, akashika njia ya bondeni, kwa Bertha.

*

Bertha aliishi katika chumba cha uani kwa shangazi yake. Jogoo mwekundu alikuwa amefungwa mguuni mwa kigoda, bado ana kiburi. Kikapu kilikuwa kimefutwa vumbi, kimewekwa juu ya kitanda kama mgeni.

"Kamwene, dada Roza," alisema Bertha, akasimama haraka. "Nilijua utakuja. Mchukue jogoo wako. Mimi sikumwomba. Jana nilimwambia kabisa, kesho kanisani usinisogelee, watu watasema."

Rozalia alikuwa amekuja na maneno ameyapanga njiani kama kuni, makali juu, makali chini. Alifungua kinywa. Na hapo mtoto, aliyekuwa amekaa mkekani, akainua mikono kwake, kama watoto wa umri ule wanavyomwinulia kila mtu.

Kanisani alikuwa amefunikwa kitenge. Sasa kitenge kilikuwa kimetolewa, na mtoto alivaa sweta. Sweta la buluu. Mkono wa kushoto, kuanzia kwenye kiwiko, ulikuwa wa kahawia.

Maneno yote yakamtoka Rozalia kichwani.

Uzi ule aliufuma yeye. Shedrack alipokuwa anajiandaa kwenda Chunya, alimfumia kaka yake sweta, na nyumba nzima ikamcheka. "Chunya kwa joto lile, sweta la nini? Akakaangie mayai?" Uzi wa buluu ukamwishia kwenye mkono wa kushoto. Akafumua sweta lake la shule la kahawia, akamalizia. Baba yake alimsema wiki nzima kwa kuharibu sweta la shule. Shedrack aliondoka nalo begani. Kumbe hakufika nalo mbali.

Alipiga magoti mkekani. Akaushika ule mkono mdogo wa kahawia kwa vidole viwili.

"Alikupa lini?"

Bertha alitazama mlangoni.

"Siulizi kama binti wa mzee wa kanisa, Bertha. Nauliza kama shangazi."

Bertha alikaa chini polepole, kama mtu anayetua debe la maji lililojaa. "Asubuhi aliyoondoka. Alisema, huku ndiko kwenye baridi. Lilikuwa kubwa, nikalifumua, nikafuma upya. Uzi mzuri, niliona vibaya kuutupa."

"Alijua?"

"Nilikuwa sijajua hata mimi. Alipopata habari, nikawa nimekwisha kusomwa jina. Akaogopa. Unajua anavyomwogopa baba yako."

"Na wewe mwaka mzima umekaa benchi la nyuma, umenyamaza."

"Ningefanyaje, dada? Baba yako kasimama mbele, karatasi mkononi, anasoma: Bertha. Ningeinuka niseme, mzee, na mwanao msome?" Alifuta uso kwa kiganja. "Nilimwonea huruma. Usinicheke. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Yule mzee hakufurahia."

Rozalia hakucheka. Alikuwa analia bila sauti, na mtoto alikuwa anamgusa machozi kwa kidole, anayaonja.

"Filemoni alisema nini jana?"

"Alileta salamu. Akakuta sina kuni, akapasua kuni mpaka giza likaingia. Nikamwambia, kaka, mwaka huu Mungu kanipa maharage kuliko miaka yote, natamani nitoe na mimi, ila najua watayakataa. Akaniambia, wewe leta. Nitakuwepo." Bertha aliinua macho. "Nilidhani ni maneno tu. Watu wengi wameniambia watakuwepo."

Kwa mbali, upande wa mlimani, kengele za ng'ombe zilianza kusikika. Rozalia akageuza kichwa.

"Bertha, nisikilize. Ng'ombe wakiingia zizini, Filemoni anapewa barua yake na anaondoka. Hatasema. Yule nimeshamjua sasa, hatasema hata wamchome na vyuma vyake. Lakini siri hii ni yako kuliko yake, na ni yako kuliko ya kaka yangu. Ukiniambia ninyamaze, nitanyamaza, nami nitampoteza. Naapa mbele ya mtoto huyu. Wewe ndiye wa kusema."

Bertha alimtazama mwanawe. Kengele zikazidi kukaribia. Jogoo akanyoosha shingo.

"Mimi sitasema," alisema mwishowe. "Nimezoea kutosema. Lakini mtoto akitaka kwenda kwa babu yake, mimi ni nani wa kumzuia?"

Akachukua kilemba chake msumarini, akajifunga vizuri, kama mtu anayekwenda kanisani.

*

Walipita lango la mbele. Mama Marta alikuwa barazani anapembua mchele usiohitaji kupembuliwa. Alimwona binti yake na mtoto kiunoni, akamwona Bertha nyuma, akafungua kinywa kusema neno, kisha macho yake yakatua kwenye mkono wa sweta. Mwanamke anayesuka na kufuma haulizi uzi umetoka wapi. Ungo ulimtoka mapajani, mchele ukamwagika sakafuni, na hakuuangalia.

"Baba Shedrack," aliita. Sauti ilitoka nyembamba sana. "Baba Shedrack, njoo ushike mkono huu."

Mzee Anania alitoka sebuleni, Sedekia nyuma yake, na nyuma yao Filemoni. Barua ilikuwa tayari mfukoni mwa shati la Filemoni. Ncha ya leso nyeupe ilionekana.

"Huyu binti anatafuta nini hapa?"

"Shika kwanza," alisema Mama Marta.

Mzee aliushika mkono wa sweta. Aliugeuza. Alikuwa mtu wa kukumbuka kila kitu alichowahi kumgombezea mtu. Kahawia ile aliikumbuka. Alikaa kwenye ngazi ya baraza bila kutazama kama ni safi, na mtoto akateremka mwenyewe kutoka kiunoni kwa Rozalia, akamwegemea babu yake gotini.

Ng'ombe wakaingia zizini, mmoja mmoja. Hakuna aliyewafungia.

"Ulijua," Mzee Anania alimwambia Filemoni.

"Nilijua, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu alipougua. Aliniambia akidhani anakufa. Nikamwapia sitamtangulia kusema."

"Na ungeondoka leo na barua yako, umekosa mke, umebeba sifa ya uzinzi ambayo si yako, kwa ajili ya mwanangu?"

Filemoni alilisugua kovu lake. "Ningeondoka. Sikuwa nimefurahi, mzee. Nilikuwa namlaumu Mungu pale ndani."

Mzee alinyoosha mkono. "Nipigie."

Filemoni alibonyeza simu, akampa. Wote wakasikia upande wa pili kishindo cha karasha na sauti ya kijana ikipiga kelele juu yake: "Fundi! Vipi huko, wamekupa mke?"

"Siyo fundi," alisema mzee. "Ni baba yako."

Karasha likaendelea kusaga. Pumzi ya Shedrack ilisikika juu yake.

"Mwanao yuko gotini kwangu," alisema Mzee Anania. "Kichwa kiko wazi na ukungu unashuka. Njoo umletee kofia." Akakata simu, akamfunika mtoto kichwa kwa kiganja.

Baadaye kidogo alimgeukia Bertha, ambaye bado alisimama pale chini, nje ya baraza, kama alivyozoezwa. "Yale maharage. Yako wapi?"

"Mezani kanisani, baba. Aliyaacha pale fundi. Hayakunadiwa."

"Nilikisukuma kile kimfuko kwa mkono huu," alisema mzee, akautazama mkono kana kwamba umeletwa kwake na mtu mwingine. "Panda juu, mwanangu. Kaa. Marta, mpe kiti, siyo kigoda, kiti." Kisha akamtazama mshenga. "Sedekia, Jumapili nitakaa benchi la nyuma."

"Mzee, utaratibu hausemi hivyo. Mzazi hatengwi kwa..."

"Utaratibu niliusimamia mimi miaka kumi na tisa. Naujua. Nitakaa benchi la nyuma na Bertha, na Shedrack akija atakaa hapo katikati yetu, mpaka mchungaji atakapotupokea sote siku moja. Mimi sikuzaa na mtu, lakini nilimtenga mtu peke yake kwa kosa la wawili." Akanyoosha mkono kwa Filemoni. "Barua yangu."

Filemoni akaitoa mfukoni. Mzee akaishika kwa mikono yote miwili, kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Kuijibu leo siwezi. Mtu wa benchi la nyuma hana kalamu ya kujibu posa. Nikishapokelewa, nitajibu. Mtasubiri?"

Alimuuliza Filemoni, lakini macho yake yalikuwa kwa binti yake.

"Tutasubiri, baba," alisema Rozalia.

*

Alimsindikiza mpaka langoni tu, si zaidi, maana macho ya Ludilo hayalali mapema. Filemoni alikuwa analala kwa Mzee Sedekia, na alfajiri angepanda basi la Mbeya. Ukungu ulikuwa umeshuka, na harufu ya jogoo mwekundu akichomwa manyoya ilipanda kutoka bondeni: shangazi yake Bertha hakutaka kungoja kesho.

Walisimama, lango katikati yao. Filemoni aliweka mkono juu ya mti wa lango, na Rozalia akaweka wake kando, karibu kiasi cha kuusikia ule mwingine ukipoa.

"Nisamehe kwa pale mnadani," alisema Filemoni.

"Bado naumwa."

"Najua."

"Nitaumwa kwa muda. Usiniharakishe."

"Sikuharakishi."

"Kile kitendawili chako," alisema Rozalia. "Mzigo ambao ukiutua unakuwa mzito zaidi. Ni siri ya mwenzio."

"Umepata," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukalegea. "Mji wangu nimeukosa."

"Kitendawili," alisema Rozalia.

"Tega."

"Jogoo wangu kaliwa na mwingine, aliyeshiba ni mimi."

Filemoni alimtazama muda mrefu. Alilijua jibu, maana lilimhusu yeye. Rozalia aliona machoni mwake kwamba alilijua, lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope. Lakini aliinamisha kichwa kama mtoto aliyeshindwa mbele ya bibi yake.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Mji gani unautaka?"

"Ulio wako."

"Nakupa Mbalizi," alisema Filemoni, "pamoja na vumbi lake, na kelele za malori, na Mama Mwanaidi na bati lake."

"Nimeupokea," alisema Rozalia, akaondoa mkono wake juu ya lango. "Jibu nitakupa nikishafika."